Miti Yetu, Simu na Sheria: Nani Anashika Hesabu?

Wapendwa wanavikundi wa Laare na pande zote za Igembe, somo letu la leo linahusu mambo matatu ambayo kwa kawaida hatuyaweki katika kapu moja: miti, simu na sheria. Tunajua kwamba mtu akisikia "uchumi wa kijani" anafikiria semina ya hotelini, yenye chai ya saa nne na bahasha jioni. Lakini maana yake si ngumu. Ni kupata riziki bila kuharibu udongo, maji na hewa ambavyo riziki hiyo yenyewe inavitegemea. Hebu tuliangalie jambo hili kupitia kazi ambayo vikundi vingi vya Meru vinaijua tayari, yaani biashara ya hewa ya ukaa inayoshikwa na miti ya shambani.

Kwanza, kwa nini tujali sheria? Juni 2014 Uingereza ilipiga marufuku miraa. Uamuzi ulipitishwa London, lakini aliyelala njaa ni mchumaji na mfungaji wa hapa Laare. Machi 2020 Somalia ikafunga mlango wake, na haikuufungua mpaka Julai 2022. Zaidi ya miaka miwili! Basi asije mtu akatuambia kwamba sera ni mambo ya wakubwa. Tena jambo hilo lilitufundisha kwamba shamba lenye zao moja na soko moja liko mkononi mwa mtu mwingine.

Vikundi vya miti

Mpango unaoitwa TIST ulianzia Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999, ukafika Kenya mwaka 2004, na Meru ikawa mojawapo ya sehemu zake kubwa. Wakulima hujiunga katika vikundi vidogo vya watu 6 hadi 12, kila mmoja akipanda miti katika shamba lake mwenyewe. Wapimaji huja wakiwa na vikompyuta vya mkononi, na siku hizi simu, vyenye chombo cha kusoma mahali kwa setilaiti. Wanatembea mpaka wa shamba, wanahesabu miti kwa aina na umri, wanapima unene, kisha hesabu inatumwa. Baadaye wakaguzi wa nje huja kuhakikisha. Hewa iliyoshikwa huuzwa kwa tani kwa makampuni ya ng'ambo yanayotaka kufidia moshi wao.

Sasa pesa. Katika mikataba ya miaka ya mwanzo, malipo ya awali yalikuwa senti 2 za dola ya Marekani kwa kila mti ulio hai kwa mwaka, na mauzo yakianza kuleta faida, asilimia 70 ya faida hiyo iwaendee wakulima. Piga hesabu: miti 1,000 kwa senti 2 ni dola 20. Hiyo hailipi karo. Anayepanda miti kwa sababu ya pesa ya kaboni peke yake atakata tamaa mwaka wa pili. Faida iliyo karibu ni kuni, mbao, matunda, malisho ya ng'ombe na kivuli cha kahawa. Pesa ya hewa ni kama nyongeza ya muuzaji sokoni: ni nzuri, lakini si kilo yenyewe.

Mti unapimwaje?

Hapa tukae kidogo, kwa maana hapa ndipo mwanakikundi anaweza kudanganywa, au kujidanganya.

Chukua tepu ya fundi wa nguo. Pima mzingo wa mti kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 31 ni kipenyo cha karibu sentimita 10, na mzingo wa sentimita 63 ni kipenyo cha 20. Wataalamu waliowahi kukata na kupima miti ya mashambani magharibi mwa Kenya walitoa kanuni ya kukadiria uzito. Kwa kanuni hiyo, mti wa kipenyo cha 10 una karibu kilo 27 za mti mkavu juu ya ardhi, na ule wa 20 una karibu kilo 150. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni, nayo ukiizidisha kwa 3.67 unapata uzito wa hewa ya ukaa iliyovutwa. Kwa hiyo mti mwembamba umeshika karibu kilo 50, na mnene karibu kilo 275.

Mnaona? Unene umeongezeka mara mbili tu, lakini hewa imezidi mara tano na zaidi. Kupata tani moja unahitaji miti kama 20 ya kipenyo cha 10, lakini minne tu ya kipenyo cha 20 inatosha. Basi kikundi kinachojisifu kwa miche 10,000 iliyopandwa, huku mbuzi wamekula nusu, kimeshindwa na kikundi chenye miti 500 iliyotunzwa, ikapunguzwa matawi na kuachwa inenepe.

Hata serikali ingefaa kulikumbuka hilo. Imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na mwaka 2023 ikatoa programu ya simu iitwayo JazaMiti, inayosaidia kujua mti unaofaa mahali ulipo na kuandikisha uliopandwa. Ni chombo kizuri, kijana mwenye simu ya kugusa akitumie. Lakini simu haimwagilii maji.

Sheria inasema nini?

Kanuni za Kilimo cha Misitu za mwaka 2009 zilimtaka mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake. Kwa ekari mbili, hiyo ni sehemu moja ya tano ya ekari, na unaweza kuipanda kwenye mipaka. Kanuni hizo hizo zilikataza mikaratusi kandokando ya mito na penye chemchemi.

Kubwa zaidi ni sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016, iliyorekebishwa Septemba 2023 ili kusimamia biashara ya hewa ya ukaa. Sheria hiyo inasema mradi wa ardhi ulio katika ardhi ya umma au ya jamii ni lazima uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya gharama kuondolewa.

Tafadhali someni maneno hayo tena. Ardhi ya umma au ya jamii. Mashamba yetu mengi hapa ni ya mtu binafsi au ya familia. Kwa hiyo wakala akija akasema, "Msijali, serikali imeshawawekea asilimia 40," mwulizeni imeandikwa wapi katika mkataba wenu. Kwa mwenye shamba lake, ngao ni ile karatasi anayotia sahihi.

Na hata kwenye ardhi ya jamii, karatasi inaweza kuwa na kasoro. Majirani zetu wa Isiolo walikwenda mahakamani, na Januari 2025 mahakama ikaamua kwamba hifadhi mbili, mojawapo ikiwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mauzo yalikuwa yamekwisha kufanyika.

Jambo jingine: ramani ya shamba lako, namba ya kitambulisho na ya simu ni habari zako. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa zinatumika kwa nini, kuziona, na kusahihishiwa zikiwa na makosa. Mpimaji akiandika miti 300 na wewe una 420, una haki ya kudai irekebishwe. Lakini utadai kwa kitu gani kama huna daftari lako?

Kazi ya kikundi

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja ahesabu miti yake kwa aina, apime kumi iliyo minene zaidi, na karani aandike katika daftari moja la kikundi. Kisha mjadili haya:

Je, mkataba wenu uko wapi sasa hivi, na ni nani amewahi kuusoma wote? Ni wa miaka mingapi, na mtu akitaka kukata mti ajenge nyumba, unasemaje?

Akina mama ndio wanaobeba maji ya miche. Pesa inaingia katika simu ya nani? Shamba likiwa bado kwa jina la marehemu babu, ni nani atatia sahihi?

Na wapimaji wakiondoka, je, wanawaachia nakala ya hesabu?