Skrubu kwenye tairi ya boda?

SWALI: Binamu yangu aliye Kanada ana pikipiki ya magurudumu manne, na msimu wa baridi huipigilia tairi skrubu ili isiteleze kwenye barafu. Je, nami nifanye hivyo kwa boda yangu msimu huu wa mvua? Matope ya Kibera yameniangusha mara mbili.
– Mwendesha boda, Kawangware

JIBU: Pole, ndugu, lakini usiguse hizo skrubu. Barafu ni ngumu, ndiyo maana kichwa cha chuma hupata pa kuuma. Tope letu ni laini. Skrubu itazama tu bila kushika kitu. Kisha ukitoka kwenye kichochoro ukaingia lami ya Ngong Road, utakuwa unateleza juu ya vichwa vya chuma. Na boda nyingi zina tyubu: skrubu ikizidi urefu kidogo, fundi wa pancha amepata riziki.

Kinachosaidia ni tairi ya meno makubwa yaliyoachana, hasa nyuma, ili tope litoke kila gurudumu linapozunguka. Tairi kipara hata Mungu huichoka. Upepo unaweza kupunguza kidogo, ila ukipunguza mno, tairi huzunguka juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu. Kagua pia madigadi ya mbele: tope likijaa pale, gurudumu hukwama ghafla. Huenda ndilo lililokuangusha.

Kwenye mteremko shuka kwa gia ndogo, breki ya mbele uiguse polepole. Abiria mwombe ashuke atembee.