BATA BUKINI GETINI: Fikisha Mzigo, Rudi Mzima



Najua kuna watakaocheka wakiona kichwa cha somo hili. Sawa, chekeni, ila msome mpaka mwisho. Sisi tunaouza mtandaoni tunazungumza sana kuhusu picha nzuri, bei na wateja wasumbufu. Hatuzungumzi vya kutosha kuhusu hatua zile ishirini kati ya geti na mlango wa mteja. Mbwa tunamwogopa wote, kwa hiyo tunajihadhari naye. Bukini tunamdharau, tunasema "si bata tu huyu". Ndiyo maana wengi anawakuta hawajajiandaa.

Mimi nauza vyombo vya jikoni: sufuria, hotpoti, seti za glasi na sahani. Wateja wangu wengi wako pembezoni mwa Dar, Goba, Madale, Kibamba mpaka Chanika. Huko viwanja ni vikubwa na watu wanafuga. Bukini wanafugwa kwa nyama na mayai, lakini wapo wanaowafuga kwa ulinzi kabisa. Na si jambo geni. Kule Dumbarton, Uskoti, maghala ya whisky ya Ballantine's yalilindwa na bukini kwa miaka mingi kuanzia 1959. Warumi wa kale nao wana simulizi kwamba maadui walipopanda kilima cha Capitol usiku, ni bukini walioamsha walinzi.

Kwa hiyo ukimkuta getini, mhesabu kama mlinzi aliye kazini. Na mlinzi huyo hajui kwamba wewe umeleta hotpoti.

1. KWA NINI ANAKUJIA WEWE

Bukini ana eneo lake. Anawajua watu wa nyumbani, anajua nani humletea chakula. Wewe ni mgeni, umebeba kitu kikubwa, unatembea kwa haraka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anakuona mapema hata ukidhani hakuangalii.

Ukali unapanda zaidi jike anapoatamia. Hukaa juu ya mayai siku 28 hadi 34 hivi, na muda wote huo dume husimama jirani akilinda. Vifaranga wakitoka, baba na mama wote wanakuwa wakali. Yule bukini aliyekuacha upite mwezi uliopita anaweza kukukimbiza mwezi huu. Usimwambie dereva wako "hawa nawajua, hawana neno".

Jambo lingine: bukini anaweza kuishi miaka 20 na zaidi. Kama mteja huyo ni wa kudumu, basi na bukini wake ni wa kudumu.

2. SOMA DALILI KABLA HAJAFIKA

Hashambulii bila taarifa. Kwanza anapiga kelele akiwa amenyoosha shingo juu. Hapo anauliza wewe ni nani, na anawaita wenzake.

Pili, anashusha shingo, anainyoosha mbele karibu na ardhi, anafungua mdomo na kutoa sauti ya "ssssss" kama nyoka. Hapo anakuonya.

Tatu, anatanua mabawa na kuja mbio. Hapo maongezi yameisha.

Ukiona dalili ya kwanza, simama hapo hapo na umpigie mteja simu. Usisubiri ya tatu.

3. AMEKUJIA, UFANYE NINI

Usikimbie. Najua miguu itataka kwenda yenyewe, ila izuie. Ukikimbia yanatokea mambo mawili. Unaanguka, na mara nyingi ni kuanguka kunakoumiza watu kuliko bukini mwenyewe. Halafu unamfundisha kwamba ameshinda, na siku nyingine atakuja kwa nguvu zaidi.

Usimpe mgongo. Mwangalie, simama wima, kisha rudi nyuma taratibu au kwa upande ukielekea getini. Tazama pia unapokanyaga, maana nyumba zinazojengwa zina mawe, nondo na mashimo.

Usipige kelele wala kumrushia mawe. Ukimpiga, wenzake wanakuja, na mwenye nyumba naye anatoka akiwa amekasirika. Umepoteza mteja kwa sekunde tatu.

Weka kitu katikati yenu. Begi la mgongoni, mwavuli, koti la mvua, hata ndoo iliyo karibu. Lakini kama mzigo ni wa kuvunjika, usiufanye ngao! Kinga kwa begi, mzigo uuweke upande wa pili.

Akirukia usoni, inama kidogo, geuza uso na ufunike macho kwa mkono. Jicho halina spea.

Kijana wa boda asivue kofia ngumu mpaka ajue mazingira yakoje. Akiwa bado juu ya pikipiki na bukini wanakuja, asivute mafuta kukimbia ndani ya ua wenye kokoto au tope. Asimame, ashuke, aiache pikipiki iwe katikati yake na bukini, kisha arudi nyuma nayo polepole.

Usimpe mkate au mahindi ili akupende. Atazoea, na kila mgeni atakayekuja atafuatwa adaiwe chakula.

Kina mama wenzangu, hili ni letu: wengi tunapeleka mizigo tukiwa na mtoto mkononi. Bukini akinyoosha shingo, mdomo wake unafika sawa na uso wa mtoto wa miaka mitatu. Penye bukini mtoto habaki chini. Mbebe, au mkabidhi mzigo mteja akiwa nje ya geti.

4. AKIKUPATA

Bukini hana meno kama ya mbwa, lakini kingo za mdomo wake zina vijino kama vya msumeno mdogo, ndivyo anavyokatia majani. Akikubana, anabana na kusokota. Mara nyingi unabaki na alama nyekundu na uvimbe, mara nyingine ngozi inachanika.

Bawa ndilo la kuhofia zaidi. Pale linapojikunja pana mfupa mgumu, na bukini mkubwa ana kilo kadhaa, aina nyingine zinafika hata kilo 10. Pigo lake linaweza kumwangusha mtoto au mzee.

Ngozi ikichanika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, funga kwa kitambaa safi, kisha nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda, hasa kama hukumbuki ulichanjwa lini. Uwanja wa bukini una kinyesi kila mahali, usipuuze kidonda kwa kuwa ni kidogo. Jicho likiguswa, au ukianguka na mkono ukavimba ukashindwa kuukunja, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Watu huniuliza kuhusu kichaa cha mbwa. Huo ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha, bukini hakupi. Lakini nyumba nyingi zenye bukini zina mbwa pia. Aliyekuuma akiwa mbwa, habari ni nyingine kabisa: osha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja kwa ajili ya chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Hata kama hukuumwa, nawa mikono kabla hujala. Viatu vyenye kinyesi cha ndege usiingie navyo unapohifadhi bidhaa.

5. TATIZO LINAMALIZWA KWENYE SIMU

Hapa ndipo penye biashara. Hayo yote juu ni ya kujiokoa. Bora usifike huko, na njia ni swali moja unalouliza wakati wa kuchukua oda. Mimi baada ya mteja kunitumia lokesheni na namba ya simu, natuma hii:

"Asante sana dada, oda yako nimeipokea. Naomba kujua, hapo nyumbani kuna mbwa au bata bukini? Kama wapo, kijana wangu atakupigia akifika, naomba umpokee nje ya geti. Asiingie ndani mpaka muwe mmeonana."

Mteja mtu mzima namwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Mzigo wako unatoka saa nane. Kijana akifika atakupigia, tunaomba atakukabidhi hapo getini kwa usalama wake na wa mzigo. Asante mama yangu."

Hakuna mteja aliyewahi kukasirika kwa meseji hii. Wengi wanacheka na kujibu, "Ehee, wapo, tena wakali, mwambie asiingie!" Mwenye bukini anawajua bukini wake kuliko wewe. Ila usipomuuliza hakwambii, kwa sababu yeye hawaogopi.

Kisha ninaandika. Kwenye daftari la wateja nina sehemu ya maelezo: "Goba, geti jeusi, bukini 4, piga simu, usiingie." Siku akienda dereva mwingine, anasomewa hayo kabla hajawasha pikipiki. Kwenye WhatsApp unaweza pia kumhifadhi mteja kwa jina na alama yake, mfano "Mama Asha Goba BUKINI". Ukiona jina umekumbuka.

Na geti likiwa wazi? Dereva wangu ana amri moja: geti wazi si ruhusa ya kuingia. Anasimama nje, anapiga honi, anapiga simu. Mteja asipopokea, anasubiri dakika 10, ananijulisha, anaendelea na mzigo unaofuata. Mzigo unarudi, nauli ya kuupeleka tena tunaongea na mteja kwa upole.

Tupige hesabu kwa mfano. Umenunua seti ya glasi 17,000, unauza 25,000, faida ni 8,000. Dereva amekimbizwa, ameangusha boksi, glasi zimevunjika. Umepoteza 17,000 ya mtaji. Ukiuza seti nyingine mbili unapata faida ya 16,000, hata hujarudisha hasara. Na hapo hujahesabu kioo cha simu ya kijana wala goti lake. Meseji ile niliyokuonyesha haikugharimu chochote.

Jambo la mwisho hapa, na wengi tunalikwepa: elewana na dereva wako mapema. Akishambuliwa na mzigo ukavunjika, nani analipa? Kama anajua atakatwa pesa, atajilazimisha kuingia ndani huku anaogopa ili tu amalize kazi. Mimi nimemwambia kijana wangu wazi: ukisimama getini ukapiga simu kama tulivyokubaliana, kitu chochote kikitokea hasara ni yangu. Ukiingia bila kupokelewa, tutaongea. Tangu tukubaliane hivyo, anasimama getini bila wasiwasi.

6. WEWE UNAYEUZA BUKINI WENYEWE

Najua mpo wengi mnaouza mitandaoni. Mwambie mnunuzi ukweli. Usiandike tu "bukini wazuri, walinzi hodari". Ongeza: "Wakali kwa wageni, hasa wakiatamia. Hawafai kuachwa na watoto wadogo." Ushauri mwingine mzuri wa kumpa ni atenge uzio mdogo, bukini wasizurure njia ya kutoka getini mpaka mlangoni. Mteja aliyeelezwa hakurudishii ndege baada ya wiki mbili.

Wakati wa kumkabidhi, usimbebe kwa kumning'iniza mabawa au miguu, utamvunja. Yakusanye mabawa mwilini kwa mikono miwili, mkumbatie chini ya kwapa, kichwa kikiangalia nyuma yako, na mkono mmoja umshike chini ya tumbo. Hivyo mdomo unakuwa mbali na uso wako. Na ukiona ndege wanakufa wengi ghafla au wanapumua kwa shida, usiuze wala kuhamisha hata mmoja. Mwite mtaalamu wa mifugo.

KWA KIFUPI

Uliza wakati wa oda. Andika kwenye daftari. Kabidhi getini. Geti wazi si ruhusa. Akija, usikimbie, usimpe mgongo, weka kitu katikati. Ngozi ikichanika, osha na uende kituo cha afya.

Mtumie somo hili kijana wako wa boda leo, asome kabla ya mzigo wa kesho. Na kama una njia yako ya kupita salama kwenye nyumba zenye bukini, tuandikie hapo chini, wenzako wajifunze.

Biashara njema, na mrudi nyumbani wazima.