Nimejiandikisha Kihesa, Biashara Iko Mwanjelwa

Swali: Ndugu mwandishi, nauza viazi Mwanjelwa, Mbeya, lakini nimejiandikisha Kihesa, Iringa. Je, naweza kumpigia kura diwani wangu mapema, au kwa posta?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Tanzania Bara haina kura ya posta wala ya mapema kwa raia wa kawaida. Sisi hupiga kura siku moja, kwenye kituo ulichopangiwa. Kura ya mapema iko Zanzibar, kwa Sheria ya Uchaguzi ya 2018, na ni ya makundi maalumu, kama askari na watendaji wa uchaguzi wanaokuwa kazini siku yenyewe. Ilipigwa Oktoba 27, 2020, siku moja kabla ya wengine.

Kama maisha yako sasa ni Mbeya, hamisha taarifa zako Daftari la Kudumu linapoboreshwa: nenda na kadi yako kwenye kituo cha mahali unapoishi. Ukihama, utamchagua diwani wa huko, si wa Kihesa. Na diwani huyo ndiye atakayemchagua meya, kwa hiyo usiidharau kura yake.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa una orodha yake. Ule wa Novemba 27, 2024 uliandikisha watu upya, Oktoba 11 hadi 20, na wengi wenye kadi walidhani inatosha. Inaniuma kila nikikumbuka.