Tovuti inasema "umelipwa", mbona pesa haijaingia?

Umeuza viatu vya shilingi 2,500 kwenye tovuti yako. Mteja amebonyeza Lipa, tovuti ikaandika "Malipo yamekamilika", na mtu wa boda akaondoka na mzigo. Jioni unaangalia akaunti ya biashara: hakuna kitu. Mteja hakuweka PIN, basi. Mara nyingi kosa liko kwenye mistari michache tu ya programu iliyo kwenye seva yako.

Tuseme seva hiyo imeandikwa kwa JavaScript, kupitia Node.js, na inatumia Daraja ya M-Pesa. Mteja akibonyeza Lipa, seva inatuma ombi, na jibu la kwanza linarudi haraka likiwa na ResponseCode yenye 0. Wengi wakiona hiyo sifuri wanasherehekea. Lakini maana yake ni kwamba ombi limepokewa, si zaidi. Saa hiyo simu ya mteja pengine ndiyo kwanza inamwomba PIN.

Neno await kwenye programu linangoja jibu hilo la kwanza peke yake. Halimngoji mteja atafute miwani au aghairi. Habari ya pesa yenyewe inakuja kivyake: mfumo wa malipo ndio unaopiga hodi kwa seva yako, kwenye anwani iliyotajwa ndani ya ombi. Hiyo ndiyo kolibeki. Ni kama kwa fundi cherehani: leo unapewa karatasi yenye namba, nguo utaitiwa baadaye. Huwezi kuvaa karatasi.

Namba ya karatasi hapa ni CheckoutRequestID. Mwambie fundi wako wa programu aihifadhi mara moja, hali ya oda ikiwa "inasubiri", na mteja aonyeshwe "Weka PIN kwenye simu yako". Kolibeki ikifika, aitafute namba hiyo kisha asome ResultCode. Sifuri ya hapa ndiyo pesa. 1 ni salio halitoshi, na 1032 ni mteja ameghairi. Isipokuwa 0, mzigo usitoke. Na kolibeki ikigonga mara mbili kwa namba moja, ya pili ipuuzwe, usije ukatuma jozi mbili.

Kinachosahaulika zaidi ni kolibeki isiyofika. Seva yako ikizimika hapo katikati, jibu linakuta mlango umefungwa, ilhali mteja ameshakatwa pesa. Kuweka setTimeout ya sekunde 30 halafu kuamua "hajalipa" ni kubahatisha. Daraja ina njia ya kuuliza hali ya malipo kwa CheckoutRequestID ile ile. Itumike kabla ya kumwambia mteja ajaribu tena.

Na wewe unayelipa, ukiona tovuti inazunguka tu, usikimbilie kubonyeza Lipa mara ya pili. Angalia kwanza meseji ya uthibitisho. Kama imefika, mtumie muuzaji namba ya muamala iliyo ndani yake, aitafute upande wake.