Tuufahamu Mkonge Kabla ya Kuupanda

Katika ukurasa huu ningependa tujifunze kuhusu mmea ambao wengi wetu tunaupita kila siku bila kuujali, nao ni mkonge. Sisi watu wa Sigowet tukitaja mimea tunaanza na majani chai, kisha mahindi. Lakini ukiteremka kuelekea Soin, ambako jua ni kali, chai inakoma na mikonge inaanza kuonekana kwenye mipaka ya mashamba.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya makorongo. Mvua ikinyesha huku juu, maji hayakai. Yanateremka kwa nguvu yakibeba udongo. Njia tunayoitumia sisi wanafunzi wa upande wa chini kuja shule imeliwa na korongo, hata sasa tunapita ndani ya shamba la watu. Mwenye shamba hafurahi, na ni nani angefurahi mahindi yake yakikanyagwa kila asubuhi? Kule Nyakach, kwa majirani zetu, korongo la Katuk Odeyo limemeza mashamba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wengi hapa husema, "Pandeni mkonge, basi." Mimi nakubali mkonge upandwe, ila hiyo "basi" ndiyo sikubaliani nayo.

Kwanza, tujue asili yake. Mkonge si mmea wa Afrika. Kwao ni Meksiko, na jina sisal ni la bandari moja ya zamani katika rasi ya Yucatán. Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalianza mashamba makubwa ya Tanganyika, na katika miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, kabla kamba za nailoni hazijaharibu soko. Hapa Kenya mashamba makubwa yako Mwatate, Vipingo na Mogotio.

Usichanganye mkonge na mshubiri, ingawa yote ina majani manene. Mshubiri una ute ndani ya jani na hutoa maua mara nyingi. Mkonge una nyuzi, na huchanua mara moja tu maishani. Baada ya miaka saba hadi kumi hivi, hutoa mlingoti mrefu wa mita tano au sita, huzaa vijimche vingi juu yake, halafu hufa.

Je, unaishije kwenye ukame? Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa, na hapo maji hupotea kwa sababu ya jua. Mkonge hufanya kinyume. Vitundu vyake hufunguka usiku kukiwa baridi, hewa ikawekwa akiba, kisha mchana hufungwa. Aidha, jani lake limepakwa kitu kama nta. Ndiyo maana unastahimili Soin. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haupendi udongo unaotuama maji, kwani huoza mizizi. Wewe wa upande wa majani chai, usihangaike nao kwenye bonde lenye unyevu.

Sasa tuje kwa korongo. Mizizi ya mkonge haiendi chini sana, bali hutambaa karibu na juu. Kwa hivyo mkonge peke yake haushiki udongo wa chini. Kazi yake ni kupunguza mbio za maji na kuzuia udongo unaobebwa. Ukipanda mstari mmoja wenye mapengo, maji yatapita kwenye pengo na kuchimba korongo jipya. Fanya hivi:

1. Chukua machipukizi yanayoota kandokando ya mkonge mkubwa, au vijimche vya mlingoti. Vijimche vikuzwe kwanza kwenye kitalu mpaka viwe na urefu kama wa rula ya darasani.
2. Panda kukatisha mteremko, kwa kufuata kontua. Usipange mstari wa kupanda na kushuka.
3. Panda mistari miwili, mche hadi mche nusu mita au zaidi kidogo. Miche ya mstari wa pili ikae mbele ya mapengo ya mstari wa kwanza.
4. Kaa mbali kidogo na ukingo wa korongo, usije ukaporomoka pamoja na miche.
5. Katikati ya mistari panda nyasi. Mizizi ya nyasi ndiyo itashika udongo wakati mkonge unavunja nguvu za maji.

Mkonge pia hupamba. Mahali pakavu ambapo maua mengine hufa, unaweza kupanga mawe, ukaweka mikonge michache nyuma na mishubiri mbele. Iachie nafasi, kwa sababu mche mdogo wa leo utatanuka zaidi ya mita moja kila upande.

Hata hivyo, kuna hatari. Ncha ya jani ni mwiba mkali unaoweza kutoboa jicho. Usipande kando ya mlango, uwanja wa michezo au njia nyembamba ya watoto. Utomvu wake nao unawasha ngozi vibaya sana, kwa hivyo unapokata majani vaa nguo za mikono mirefu. Isitoshe, machipukizi hayajui mpaka. Usipoyang'oa kila mwaka yataingia kwa jirani, na mzozo wa shamba utaanzia hapo. Nimesikia wazee wakikaa kokwet siku nzima kwa sababu ya mstari uliosogea hatua mbili.

Hapo ndipo ninapotaka kuwaomba wanachama wenzangu. Miche tunaweza kuipata bure kwa wazazi wetu wa upande wa Soin, na majembe tunayo. Lakini kabla ya kuchimba shimo hata moja kando ya njia yetu, twende tukamwone mwenye shamba pamoja na wazee, tukubaliane mstari utapita wapi na nani atang'oa machipukizi. Tukifanya hivyo kabla ya mvua ndefu, huenda wadogo zetu wakapata njia yao wenyewe, na yule mzee akavuna mahindi yake yote.