Ndugu Aliyetwaa Jina Lako

Someni kwanza Mwanzo 27. Yakobo alivaa mavazi ya Esau, akafunikwa mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi, akamwambia baba yake kwamba yeye ndiye Esau. Esau hakuibiwa ng'ombe wala fedha. Aliibiwa jina, na mwizi alikuwa wa tumbo moja naye.

Jambo hili limo hata leo katika nyumba za Wakristo. Mpwa atwaa simu na kitambulisho cha mjomba wake, akopa fedha kwa jina lake. Miaka ikiisha kupita, deni lamjia mzee asiyekopa. Je, amshtaki?

Wengine humwambia anyamaze, wakitaja 1 Wakorintho 6. Neno la Paulo ni zito, tusilipunguze: aliwakemea ndugu walioshtakiana kwa ajili ya mali. Hasara ikiwa yako peke yako, waweza kuiachilia. Lakini hapa mkopeshaji naye amedanganywa, na ukilikubali deni kana kwamba ni lako, wautia uongo muhuri kinyume cha amri ya nane. Mwaka 1523 Martin Luther alifundisha kwamba Mkristo asiutafute upanga wa serikali kwa ajili ya nafsi yake, bali kwa faida ya jirani yake yafaa.

Basi, fuateni Mathayo 18. Mwendee peke yako, kisha pamoja na mashahidi. (Lakini weka karatasi zako mahali salama kwanza, mwenye hatia akishtuka, karatasi hupotea.) Mtake aende mwenyewe kwa mkopeshaji, akiri na kulipa. Yakobo naye, alipomrudia Esau baada ya miaka 20, hakuja mikono mitupu.

Akikataa, nenda polisi. Katika Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza mtu kujifanya mwingine kwa njia ya kompyuta, na kosa hilo laweza kumfikisha gerezani. Tena jueni: kesi ya jinai ikiisha kufunguliwa si yako, ni ya Jamhuri, nawe u shahidi tu. Huwezi kuifuta kesho kwa kuwa dada yako amelia. Kwa hiyo mwambie dada mapema, kabla hajasikia kwa majirani.

Mbele ya hakimu sema unalolijua, usiongeze kwa hasira wala usipunguze kwa huruma. Akifungwa, nenda kumtazama. Na watoto wake wakila kwako siku hizo, habari za deni zisitajwe chakulani.