Akt na Safari ya Sukari Mtu Anapofuturu



Sisi wa Kampala tuko karibu na Ikweta, hivyo saumu yetu huwa ya saa 13 na ushee, Ramadhani iangukie mwezi wowote. Muda wote huo, mwili huiendeshaje sukari?

Jibu liko kwa protini ziitwazo kinasi. Kazi ya kinasi ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine. Iliyobandikwa huanza kazi au huacha. Leo tusome jamii moja, Akt, yenye ndugu watatu: Akt1, Akt2 na Akt3. Inayohusika zaidi na sukari ni Akt2.

Kwanza: ukifuturu kwa tende, kisha posho na maharagwe, sukari hupanda katika damu na kongosho hutoa insulini.

Pili: insulini hushika kipokezi kilicho juu ya seli ya msuli. Ujumbe hupokezanwa ndani ya seli mpaka Akt ikaamka.

Tatu: Akt hubandika fosfati kwenye AS160, protini inayozuia safari ya vifuko vilivyobeba GLUT4. Kizuizi kikiondoka, vifuko husafiri hadi kwenye utando wa seli, na GLUT4 ikawa mlango wa sukari.

Kwenye ini, Akt huitoa FOXO1 katika kiini cha seli, na utengenezaji wa sukari hupungua.

Mchana wa saumu mambo hugeuka. Insulini hushuka, Akt hutulia, GLUT4 nyingi hurudi ndani, na ini hutoa sukari ya kulisha ubongo.

Sasa tuone faida ya somo. Katika kisukari cha aina ya pili, insulini ipo lakini ujumbe hufifia kabla ya kuifikia Akt vizuri. Katika aina ya kwanza, insulini karibu haipo kabisa: hata mtu asipokula, ini huendelea kumwaga sukari, mafuta huvunjwa kupita kiasi na damu hujaa asidi. Kwa hiyo kusema "sili, sindano ya nini?" ni hatari kwa uhai. Mgonjwa amwone daktari kabla ya Ramadhani, dozi ipangwe upya. Na sukari ikishuka mno mchana, afungulie papo hapo.

Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mwenzetu wa hosteli akiitumia, tusimtazame kwa jicho baya.

Wallahu aalam.